Kutoka Lubumbashi hadi Stellenbosch: mwongozo wa kutembelea mji wa kale wa divai na kula vyakula vyake

Wakazi wengi wa Lubumbashi wanaosafiri kwenda Afrika Kusini huishia Johannesburg, ambako hutafuta matibabu, vipuri vya magari au bidhaa za kuja kuuza, kisha hurudi nyumbani bila kuona sehemu nyingine ya nchi ile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule mwenye siku tatu au nne za ziada na fedha kidogo ya kuzitumia, ambaye angependa kuzimalizia Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka 1679 umbali wa kilomita 50 hivi mashariki ya Cape Town. Kati ya miji iliyoanzishwa na Wazungu nchini humo, ni Cape Town peke yake inayoutangulia kwa ukongwe. Sifa yake duniani ni divai, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza wageni: hushuka garini kwenye shamba la kwanza saa nne asubuhi, wakaonja kutoka shamba hadi shamba, na jioni hawakumbuki walichokunywa wala walichokiona. Utaratibu ninaoupendekeza hapa unaanza na miguu, unafuata meza ya chakula, na divai inakuja mwishoni.

Hatua ya kwanza: chagua majira kwa uangalifu

Ingawa Lubumbashi na Stellenbosch zote ziko kusini ya ikweta, majira yake yamepishana. Kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na kiangazi hushika kuanzia Mei hadi Septemba. Katika rasi ya Cape, ambayo hali yake ya hewa hufanana na ile ya nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, mvua na baridi huja kati ya Mei na Agosti, na Desemba hadi Machi ni miezi ya jua kali na ukavu. Mavuno ya zabibu huanza mwishoni mwa Januari na kuendelea hadi Machi. Katika wiki hizo matrekta yaliyojaa zabibu hupita barabarani tangu alfajiri, na kwenye mashamba utaona kazi yenyewe ya kukamua na kuchachusha, ambayo katika miezi mingine utasimuliwa tu.

Tatizo ni kwamba familia zenye watoto wa shule hupata nafasi ya kusafiri katika likizo kubwa, yaani Julai na Agosti, wakati mizabibu imekatwa matawi na haina jani hata moja, na theluji huweza kuonekana kwenye vilele vya milima inayozunguka mji. Ikiwa huna wakati mwingine, nenda hivyo hivyo, lakini chukua koti zito na viatu visivyopitisha maji, maana baridi ya huko ina unyevu na mtu aliyezoea Julai kavu ya Lubumbashi huidharau. Faida ya majira hayo ni kwamba wageni ni wachache na baadhi ya vyakula nitakavyovitaja hapa chini hupatikana wakati huo tu. Mwenye uhuru wa kuchagua ningemshauri nusu ya pili ya Machi, mavuno yanapokaribia kuisha na joto limepungua, mradi aepuke siku za Pasaka, kwa sababu wenyeji nao husafiri na vyumba hujaa.

Hatua ya pili: karatasi, ndege na fedha

Mwenye pasipoti ya kawaida ya Kongo anahitaji viza ya Afrika Kusini, na maombi yake yaanze mapema kabla ya kulipia tiketi isiyorudishiwa fedha. Tayarisha taarifa za benki, uthibitisho wa mahali pa kulala na tiketi ya kurudi, na uulizie taratibu za wakati huo, kwa sababu hubadilika. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa mtu anayetoka kwetu, na chanjo hiyo iwe imechomwa si chini ya siku kumi kabla ya kuingia.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kuna ndege za moja kwa moja hadi Johannesburg, na kutoka hapo hadi Cape Town ni saa mbili za kuruka. Acha nafasi ya saa kadhaa kati ya ndege hizo mbili, kwa kuwa utapita uhamiaji Johannesburg, utachukua mizigo yako na kuikabidhi upya. Njia ya barabara kupitia Kasumbalesa, Zambia na Zimbabwe ipo na wafanyabiashara wanaifahamu vizuri, lakini inakula siku nyingi, na mwenye likizo fupi ataifikia Stellenbosch akiwa amechoka na muda wa kurudi umekaribia. Ukishatua Cape Town huna haja ya kuingia jijini kwanza: uwanja wa ndege uko upande wa mashariki, na Stellenbosch iko kiasi cha kilomita 30 kutoka hapo, mwendo usiofika saa moja ikiwa hakuna msongamano.

Tofauti na kwetu, huko hakuna duka linalopokea dola. Badilisha fedha uwe na randi, au tumia kadi ya benki, ambayo inapokelewa karibu kila mahali. Katika migahawa bakshishi ya asilimia 10 ya bili ni desturi, na vijana wanaolinda magari barabarani hupewa randi chache. Miongoni mwao wamo wengi waliotoka Kongo, kwa hiyo usishangae mtu akikusalimia kwa Kiswahili au Lingala, na yeye atakueleza mambo ya mji ambayo hayamo katika karatasi yoyote ya watalii.

Hatua ya tatu: lala katikati ya mji, na usiendeshe gari

Chagua nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara ya Dorp au uwanja wa Die Braak, ili asubuhi uanze kwa miguu. Huu ni mji wa chuo kikuu, na mitaa yenye baa za wanafunzi hukesha kwa makelele wakati wa masomo. Muulize mwenye nyumba kabla ya kulipa. Usiku usitembee peke yako katika barabara zisizo na watu, na simu ikae mfukoni.

Kuhusu gari, Afrika Kusini magari hupita upande wa kushoto, jambo ambalo peke yake linamtaka dereva wa Lubumbashi awe na akili timamu, na sheria ya huko hairuhusu gramu 0.05 za alkoholi au zaidi katika mililita 100 za damu ya dereva, kiwango kinachofikiwa upesi mno na mtu anayeonja divai. Ajiri gari lenye dereva kwa siku moja, au tumia teksi za kuitwa kwa simu na mabasi madogo yanayozungusha wageni mashambani. Mkiwa watu wanne, gharama ya dereva mkigawana ni nafuu.

Hatua ya nne: tumia asubuhi ya kwanza kuutembea mji

Anzia Die Braak, uwanja wa majani ulioachwa wazi katikati ya mji na uliokuwa mahali pa mazoezi ya kijeshi na sherehe. Pembezoni mwake utaona jengo dogo jeupe lenye kuta nene: ni ghala la baruti la Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, lililojengwa mwaka 1777. Kampuni hiyo ndiyo iliyoimiliki rasi yote ya Cape, na gavana wake, Simon van der Stel, ndiye aliyeupa mji jina lake. Upande mwingine wa uwanja limesimama kanisa la wamisionari la mwaka 1823, lililojengwa kwa ajili ya watumwa na watu walioitwa machotara, ambao hawakukaa pamoja na mabwana zao katika kanisa kuu. Ukiyatazama majengo hayo mawili kwa pamoja, baruti hapa na kanisa la waliotengwa pale, umekwisha pata nusu ya historia ya mji kabla hujalipa kiingilio popote.

Kutoka hapo nenda barabara ya Ryneveld, kwenye Jumba la Makumbusho la Kijiji, ambalo kwa kweli ni nyumba nne zilizohifadhiwa pamoja na bustani zake, kila moja ikiwa imewekewa samani za enzi yake. Ya kwanza, Schreuderhuis, ilijengwa mwaka 1709 na inahesabiwa kuwa nyumba ya mjini kongwe kuliko zote zilizokarabatiwa nchini. Vyumba vyake ni vidogo, dari iko chini, na moto wa kupikia ulikuwa wa wazi. Mwaka uliofuata moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, pamoja na kanisa, ndiyo maana nyumba za umri huo ni adimu. Ya pili ni ya mwaka 1789, ina paa la nyasi, umbo la herufi H na zile kuta za mbele zilizopandishwa juu kwa mikunjo na maua ya chokaa ambazo ndizo alama ya ujenzi wa Kiholanzi wa Cape. Ya tatu, ya mwaka 1803, ina ghorofa na paa bapa, na ya nne ni ya katikati ya karne ya 19, yenye karatasi za ukutani na mapazia mazito. Wageni wengi hupita upesi wakitazama vitanda na saa za ukutani. Mimi nashauri ukae zaidi jikoni, kwa sababu vyakula utakavyokula mchana vilizaliwa katika majiko ya namna hiyo, mikononi mwa wapishi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye milango.

Wapishi hao, pamoja na waashi na wakulima wa mizabibu, walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa walioletwa na meli kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuendelea kwa mabwana zao kwa miaka minne mingine chini ya jina la uanagenzi, hadi mwaka 1838. Baada ya hapo mashamba yalizoea kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai, waliyogawiwa mara kadhaa kwa siku, desturi iliyojulikana kama «dop». Msomaji ambaye babu yake aliishi katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière anakumbuka posho, ule mgao wa unga na samaki ambao kampuni iliutoa kila wiki na kwa huo ikaishika familia nzima. Tofauti ni kwamba posho ilishibisha, ilhali dop iliharibu: ulevi na madhara yake kwa watoto waliozaliwa na akina mama wa mashambani yanaendelea kuitesa jamii ya sehemu hiyo hadi leo, ingawa desturi yenyewe ilikatazwa na sheria. Ukilijua hilo, utaonja kwa kiasi na kwa heshima.

Endelea hadi Moederkerk, kanisa kuu la Waholanzi, ambalo mnara wake mweupe na umbo lake la sasa ni vya mwaka 1863, kisha ushuke barabara ya Dorp. Hapo mialoni mikubwa inafunika njia, na mifereji ya maji inapita kando ya barabara. Ilichimbwa ili kuyaleta maji ya mto Eerste kwenye bustani na vinu. Nyumba iitwayo La Gratitude, ya mwaka 1798, ina jicho lililochongwa juu ya ukuta wake wa mbele, linalosemekana kuwa jicho la Mungu linaloona yote. Mbele zaidi kuna duka la kale la Oom Samie, lililojaa nyama kavu, samaki wakavu, peremende na vyombo vya bati. Bei zake ni za watalii, lakini kuingia na kunusa ni bure.

Ikiwa miguu inaruhusu, malizia kwenye barabara ya Banghoek na mitaa iliyo karibu na chuo kikuu. Eneo hilo liliitwa Die Vlakte, na mwaka 1964 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kwamba ni la Wazungu peke yao. Familia zilihamishwa kwa nguvu hadi Idas Valley na Cloetesville, na nyumba nyingi zikabomolewa. Msikiti wa eneo hilo ulibaki, na ile iliyokuwa shule ya watoto wa mtaa, Lückhoff, leo iko mikononi mwa chuo kikuu. Bustani ya mimea ya chuo, iliyo karibu na katikati ya mji, inafaa kwa mapumziko ya saa moja kabla ya chakula.

Hatua ya tano: kula kabla ya kuonja

Chakula cha Cape kina jambo moja litakalomshangaza Mlushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, nalo ni utamu ndani ya nyama. Mfano wake mkuu ni bobotie, nyama ya kusaga iliyopikwa na vitunguu, binzari, viungo na zabibu kavu, ikamiminiwa mayai yaliyopigwa na maziwa, ikawekewa majani ya mbei na kuokwa hadi juu iwe ya rangi ya dhahabu. Huletwa na wali wa manjano na achari ya matunda. Chakula hiki ni cha jamii ya Wamalay wa Cape, wazao wa watumwa na wafungwa waliotoka Asia, na leo kinahesabiwa na watu wa rangi zote kuwa chakula cha kitaifa. Nakushauri uanze nacho siku ya kwanza, na uombe pilipili pembeni, kwa kuwa ukali wa huko ni mdogo kuliko wetu.

Baada ya bobotie, tafuta bredie, yaani mchuzi mzito wa nyama ya kondoo uliochemshwa polepole na mboga moja. Iliyo bora kwa maoni yangu ni ile ya maua ya majini yaitwayo waterblommetjies, yanayochumwa katika mabwawa wakati wa baridi na mwanzo wa machipuko, kwa hiyo aliyelazimika kusafiri Julai au Agosti amefidiwa. Maua hayo yana ladha iliyo karibu na maharage mabichi, yenye uchachu mdogo unaotokana na ndimu au majani chachu yanayotiwa ndani, na aliyelelewa kwa matembele atayapokea bila shida.

Samaki wa kutafuta ni snoek, samaki mrefu wa baharini mwenye miiba mingi, ambaye huchomwa juu ya makaa huku akipakwa siagi, vitunguu saumu na jamu ya aprikoti. Huuzwa pia akiwa ametiwa chumvi na kukaushwa, na mpenzi wa makayabu atajua la kufanya. Kula polepole, kwa sababu ya miiba.

Kisha kuna braai, nyama ya kuchoma, ambayo huko ni tukio la kijamii lenye sheria zake: moto ni wa kuni, mara nyingi za mizabibu iliyong'olewa, wanaume husimama kando yake wakitoa maoni hata kama hawashiki koleo, na hakuna anayeharakisha. Utakutana na soseji ndefu iliyozungushwa, boerewors, na vipande vya kondoo. Ukiulizwa kama utakula «pap», jua kwamba ni bukari wa unga mweupe wa mahindi, ingawa mara nyingine huletwa ukiwa umevurugika kama chenga badala ya kushikana. Kusema kweli, katika rasi ya Cape watu hula zaidi wali, viazi na mkate kuliko watu wa kaskazini mwa nchi. Katika kitongoji cha Kayamandi, kaskazini ya mji, wapo wachomaji wanaokuchagulia nyama buchani na kuichoma hapo hapo. Nenda mchana na ukiongozana na mwenyeji.

Kwa vitamu, kuna vitumbua viwili vyenye majina yanayokaribiana, navyo wenyeji hubishana sana kuvihusu. Koeksister ya Waafrikana, yaani wazao wa walowezi wa Kizungu wanaosema Kiafrikana, husukwa kama nywele, hukaangwa na kuzamishwa katika shira baridi, ikawa tamu hadi kuuma meno. Koesister ya Wamalay ni ya mviringo, laini, ina iliki na mdalasini na hunyunyiziwa nazi, na huliwa asubuhi ya Jumapili. Mimi niko upande wa Wamalay. Wakati wa mavuno ulizia pia mosbolletjies, mikate midogo iliyoumuliwa kwa maji ya zabibu yanayochachuka badala ya hamira, yenye mbegu za anisi. Haviuzwi kila mahali, na ukivipata nunua vya kesho pia, kwa sababu vikikauka huliwa kwa chai.

Waislamu hawatapata taabu kubwa, kwa kuwa jamii ya Wamalay imefanya nyama halali ipatikane kwa urahisi katika eneo lote la Cape, lakini kwenye migahawa ya mashamba uliza kwanza kama divai haikutiwa ndani ya mchuzi, maana mara nyingi imetiwa.

Hatua ya sita: mashamba ya divai, mawili kwa siku

Mashamba yako kwa makumi kuuzunguka mji, na njia rasmi inayoyaunganisha ilianzishwa mwaka 1971, ikiwa ya kwanza nchini. Usijaribu kuyamaliza. Mawili kwa siku yanatosha, moja kabla ya chakula cha mchana na jingine baadaye, na weka nafasi mapema kwa simu au intaneti. Chagua moja la kale na moja linalojulikana kwa jambo fulani: Spier, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1692, ni pana na linafaa familia zenye watoto, Simonsig ndilo lililotengeneza mwaka 1971 divai ya kwanza ya Cape yenye mapovu kwa njia inayotumiwa Champagne, Kanonkop lina sifa kwa Pinotage.

Hiyo Pinotage inastahili maelezo, kwa sababu ni zabibu iliyozaliwa Stellenbosch yenyewe. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu katika chuo kikuu cha hapo, alichanganya Pinot Noir, ambayo hutoa divai nzuri lakini ni dhaifu shambani, na Cinsaut, ambayo huko iliitwa Hermitage na ilistahimili joto. Alipata mbegu nne tu, akazipanda katika bustani ya nyumba yake, kisha akahama kazi na bustani ikaachwa iote magugu, na miche ile ilinusurika kwa sababu mwenzake mmoja kijana aliikumbuka kabla bustani haijasafishwa. Ilichukua miongo mingine mitatu kabla ya divai hiyo kupata sifa: ile ya mavuno ya mwaka 1959 ndiyo iliyouzwa kwa mara ya kwanza ikiwa na jina Pinotage kwenye chupa, mwaka 1961.

Zaidi ya hiyo, onja Chenin Blanc, nyeupe, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina Steen na ndiyo iliyopandwa kwa wingi nchini kuliko zote, na Cabernet Sauvignon, nyekundu, ambayo Stellenbosch inajivunia zaidi. Muulize anayekuhudumia shamba liko mteremko upi wa mlima Simonsberg au Helderberg, na kama upepo wa bahari unaotoka False Bay unalifikia, kwani upepo huo hupoza zabibu alasiri na kuzifanya ziive taratibu, na watumishi wazuri hupenda swali hilo.

Namna ya kuonja ni rahisi. Kuna ada, ambayo mashamba mengine huipunguza ukinunua chupa. Huanza nyeupe, hufuata nyekundu, na tamu huwa mwisho. Tazama rangi, zungusha glasi, nusa, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha uteme katika chombo kilichowekwa mezani. Kwetu kutema kinywaji alichokupa mwenyeji ni utovu wa adabu, na najua wengi humeza kwa haya. Huko chombo hicho kimewekwa kwa kazi hiyo, na wanaotema ndio huhesabiwa kuwa wajuzi. Kunywa maji kati ya divai moja na nyingine. Ndugu wasiotumia kileo, na kwetu makanisa yenye katazo hilo ni mengi, waulizie juisi ya zabibu na watembee kwenye ghala la mapipa pamoja na wengine. Watoto walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuonja hata tone.

Hatua ya saba: siku ya kwenda mbali kidogo

Panda na dereva wako barabara ya Helshoogte, inayovuka mlima kuelekea mashariki. Simama Pniel, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ambacho wazao wao wanaishi humo hadi sasa. Kanisa lake jeupe na utulivu wake vinakamilisha yale uliyoyaona mjini. Kisha endelea hadi Franschhoek, bonde walilopewa Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na kufika Cape kuanzia mwaka 1688. Mashamba yana majina ya Kifaransa, lakini usijaribu kuagiza chakula kwa Kifaransa ulichosoma shuleni: watawala wa Kiholanzi waliwatawanya wakimbizi hao kati ya majirani wa Kiholanzi na kuzuia lugha yao shuleni, na baada ya vizazi viwili haikusemwa tena. Kuna tramu inayozungusha wageni kati ya mashamba ya bonde hilo, na ni njia nzuri kwa asiye na dereva.

Anayependelea mlima aende Jonkershoek, hifadhi iliyo kilomita chache tu kutoka mjini, yenye njia za miguu, maporomoko madogo na maua ya protea. Aingie asubuhi, na katika miezi ya jua kali ya huko aulize kwanza kama njia hazijafungwa kwa hatari ya moto.

Hatua ya mwisho: kurudi Luano na chupa zako

Chupa haziruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi katika ndege ya kimataifa, isipokuwa zile za maduka yaliyo ndani ya uwanja, kwa hiyo zifunge kwenye nguo katikati ya sanduku, kila moja ndani ya soksi nene na mfuko wa plastiki, na upime uzito kabla ya kufika uwanjani. Weka risiti zote za kodi. Mgeni anayetoka nchini anaweza kudai kurudishiwa kodi ya asilimia 15 iliyomo katika bei ya bidhaa anazoondoka nazo, ikiwa jumla yake inazidi randi 250, lakini ni lazima aionyeshe bidhaa yenyewe kwa afisa kabla ya kukabidhi mizigo. Anayekumbuka jambo hilo baada ya sanduku kupita amechelewa. Biltong, yaani nyama kavu ya huko, iache, kwa kuwa nyama husumbua mipakani. Nyekundu nzito ya Cabernet inaweza kulala miaka kadhaa mahali pa giza na penye ubaridi, lakini si juu ya kabati la jikoni mwezi wa Oktoba, joto la Lubumbashi linapofikia kilele chake. Nyeupe ifungue ndani ya mwaka, na uijaribu pamoja na samaki wa ziwa Moero wa kuchoma.